Pumzi ya samaki: Kutoka mwamba wa Kanamai hadi sebule ya Nairobi

WAHENGA walisema bahari haishi zinge. Mtu wa bara aliyezoea kuiona bahari kwenye picha za kalenda anaweza kudhani kuwa methali hiyo inawahusu mabaharia peke yao. Lakini ukisimama ufuoni Kanamai asubuhi, wakati maji yanapoanza kupwa, utatambua kuwa maneno hayo yamebeba siri ya uhai wa kila samaki aliye mwambani. Bahari haitulii hata dakika moja, na kwa sababu haitulii, viumbe wake hupata pumzi.

Siri hii ndiyo inayowapiga chenga watu wengi wanaotamani kuwa na kipande cha bahari nyumbani. Siku hizi si ajabu kuingia hotelini, katika chumba cha kungojea daktari wa meno au katika sebule ya jamaa mwenye uwezo, ukakuta tangi la vioo limejaa samaki wa rangi za kupendeza. Watoto hugandamiza pua zao kwenye kioo, nao wageni husahau hata chai yao. Lakini aghalabu baada ya majuma mawili au matatu samaki huanza kuelea tumbo juu, mmoja baada ya mwingine. Hapo mwenyewe humlaumu muuzaji, hulaumu chakula, na wapo wanaolaumu hata jicho la hasidi.

Je, ni kitu gani hasa kinachowaua samaki hao? Ili kupata jibu, ni bora kuifuata safari yao tangu mwanzo, yaani tangu kule wanakotoka.

Wangwani Kanamai

Kanamai iko katika Kaunti ya Kilifi, zaidi ya kilomita 20 kaskazini mwa Mombasa. Msafiri huvuka daraja la Nyali, akapita Bamburi na Shanzu, akavuka daraja la Mtwapa, kisha matatu ikamshusha Majengo. Kutoka hapo ni safari fupi ya bodaboda kati ya minazi hadi ufuoni.

Siku za bamvua, wakati mwezi ni mchanga au ni mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu hupita mita 3. Maji hukimbia mbali, mwamba ukabaki wazi kama mgongo wa mnyama mkubwa, na wangwani hubaki vidimbwi vya kila ukubwa. Katika vidimbwi hivyo unaweza kuwaona samaki bila ya mashua wala miwani ya kuzamia. Yupo kitatange, mwembamba kama sahani, mwenye manjano ya kung'aa. Yupo kangaja mdogo anayeguguna mwani. Wapo na vidagaa vya rangi ya samawati vinavyotoweka kwenye matumbawe mara tu kivuli chako kinapoangukia maji.

Nilimkuta huko mzee mmoja aliyekuwa akitafuta pweza kwa kijiti. Baada ya shikamoo na marahaba, nilimuuliza ni kwa nini samaki wa kidimbwi kimoja walikuwa wamerundikana upande mmoja, ilhali upande wa pili ulikuwa mtupu. Alininyooshea kijiti chake hadi kwenye mfereji mdogo ambamo mawimbi yalikuwa yakisukuma maji mapya.

"Hapo ndipo maji yanapocheza, mwanangu," akasema. "Samaki hufuata pumzi yake."

Yule mzee hakuhitaji kitabu kulijua jambo hilo, lakini vitabu vinakubaliana naye. Samaki hupumua kwa matamvua, yale mapindo mekundu yaliyofichwa chini ya mashavu yake. Maji yakipita hapo, damu huchota oksijeni iliyoyeyuka ndani yake. Shida ni kwamba maji ya bahari hubeba oksijeni kidogo mno. Katika joto la nyuzi 25 za sentigredi, lita moja ya maji ya bahari haiwezi kushika zaidi ya miligramu 7 hivi za oksijeni inayotoka hewani. Lita moja ya hewa tunayovuta mimi na wewe ina takriban miligramu 270. Kwa maneno mengine, samaki huishi mahali ambapo pumzi ni adimu karibu mara 40 kuliko hapa petu nchi kavu.

Tena maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya mtoni, kwa kiasi cha sehemu moja kati ya tano. Na maji yakizidi kupata joto, oksijeni huzidi kupungua, wakati ule ule ambapo mwili wa samaki unaihitaji zaidi. Ndiyo maana kidimbwi kilichoachwa juani huwa jela kwa samaki hadi maji yarudi.

Mkononi mwa mkusanyaji

Samaki wa mapambo wa Kenya wamekuwa wakisafirishwa ng'ambo kwa miongo mingi. Hukusanywa katika sehemu mbalimbali za pwani, zikiwemo Kilifi, Mtwapa, Diani na Shimoni. Anayefanya kazi hiyo huhitaji leseni, na haruhusiwi kugusa chochote ndani ya hifadhi za kitaifa za baharini kama zile za Malindi na Watamu, ambazo zilitengwa mwaka wa 1968.

Kazi yenyewe yahitaji subira. Mkusanyaji huvaa miwani, akazama na wavu mdogo wa mkono, na wakati mwingine huweka wavu mwingine kama ukuta kando ya jiwe. Humswaga samaki polepole hadi aingie wavuni bila ya kukwaruzika. Huko Ufilipino, kuanzia miaka ya 1960, wapo waliotumia sumu ya sayanaidi kuwalevya samaki, na matokeo yake yakawa matumbawe yaliyokufa na samaki wasioishi hata majuma machache. Wavu ni kazi ya polepole, lakini huacha mwamba ukiwa hai.

Samaki akishafikishwa kwenye mabirika ya kungojea, hanyimwi hewa hata kidogo. Hata hivyo, hunyimwa chakula kwa siku moja au mbili kabla ya kusafiri. Huo si ukatili. Tumbo likiwa tupu, samaki hatachafua maji machache atakayosafiri nayo. Kisha hutiwa katika mfuko wa plastiki ambao theluthi yake ni maji na theluthi mbili ni oksijeni safi kutoka kwenye mtungi, mfuko ukafungwa kwa mipira na kupangwa ndani ya sanduku jepesi la kuzuia joto. Gizani humo samaki hutulia, na akitulia hutumia pumzi kidogo.

Hebu tazama jambo hili, msomaji. Katika mfuko ule, sehemu kubwa ya mzigo si samaki wala si maji. Ni hewa. Wanaoishi kwa biashara hii wanajua wazi kuwa samaki aliyekosa pumzi njiani hana bei.

Nairobi na hewa nyepesi

Basi samaki wetu amepanda kutoka Mombasa, akafika Nairobi. Hapa pana jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui, nalo halimo katika vijitabu vingi vinavyoandikwa Ulaya.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi. Mwanariadha anayetoka Pwani kwenda kufanya mazoezi Iten hulijua jambo hili kifuani mwake siku ya kwanza. Samaki naye hulijua kwenye matamvua yake. Kwa kuwa hewa ni nyepesi, maji ya Nairobi hushika oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja kati ya sita yakilinganishwa na maji yale yale yakiwa Mombasa.

Tufanye hesabu ndogo. Tangi la lita 200, ambalo si dogo kwa sebule ya kawaida, likiwa Mombasa huwa na oksijeni isiyozidi gramu moja na nusu katika maji yake yote. Hiyo ni oksijeni iliyo katika lita 5 tu za hewa, yaani ujazo wa mtungi mdogo wa mafuta ya kupikia. Likiwa Nairobi, hubaki na gramu moja na ushei. Hiyo ndiyo akiba yote, nayo hugawanywa kati ya samaki, konokono, na hata vijidudu visivyoonekana kwa macho.

Kwa hiyo anayeishi Nairobi, Nakuru au Eldoret inafaa aweke samaki wachache kuliko vitabu vinavyoruhusu, na ayatikise maji yake zaidi.

Namna ya kuyatikisa

Watu wengi hudhani kuwa viputo vinavyopanda kutoka kwenye mpira wa hewa ndivyo vinavyotia oksijeni majini. Ukweli ni kwamba viputo huchangia kidogo tu. Kazi yao kubwa ni kuyainua maji ya chini hadi juu na kuupasua uso wa maji, kwani ni hapo juu ambapo oksijeni huingia na hewa chafu hutoka. Tangi ambalo uso wake umetulia kama kioo linakaribia kuwa kaburi, hata kama lina pampu mbili chini.

Elekeza mdomo wa pampu juu kidogo ili uso wa maji ukunjamane siku nzima, mchana na usiku. Usifunike tangi likazibika kabisa. Ukiona utando kama wa mafuta juu ya maji, uondoe kwa karatasi safi, kwani huzuia hewa kupita. Wenye uwezo huongeza chombo cha kutoa povu, ambacho huchanganya maji na viputo vidogo sana, uchafu ukapanda na povu na kumwagwa nje.

Mtazame samaki wako alfajiri, kabla ya kuwasha taa. Mwani hutoa oksijeni wakati wa mwanga, lakini usiku nao huila. Hivyo basi alfajiri ndipo pumzi huwa chache kuliko wakati mwingine wowote. Ukiwakuta samaki wamejikusanya juu, vinywa wazi, mashavu yakipiga mbiombio, usiwape chakula ukidhani wana njaa. Wanaomba hewa.

Joto nalo lisisahauliwe. Nyuzi 25 au 26 zinafaa. Anayeishi Mombasa hupambana na joto la Machi, akilazimika kuweka feni juu ya tangi. Anayeishi Nairobi huhitaji kifaa cha kupasha maji joto, hasa usiku wa Julai ambapo hata binadamu hujikunyata chini ya blanketi.

Chumvi si ile ya jikoni

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Tangi la lita 200 basi lahitaji kilo 7. Lakini tahadhari! Chumvi ya mezani haifai. Hata chumvi inayovunwa kule Gongoni, kaskazini mwa Malindi, haifai ingawa imetoka baharini. Maji yakikaushwa kwenye mabwawa yale, kinachovunwa ni chumvi ya kupikia. Sehemu kubwa ya magnesi na madini mengine hubaki katika maji machungu yanayomwagwa. Nunua chumvi iliyotengenezwa mahsusi kwa matangi ya baharini, uikoroge katika ndoo safi kwa pampu kwa siku nzima kabla ya kuitumia.

Maji ya mfereji yana klorini ya kuua vijidudu, nayo huunguza matamvua. Ni heri kutumia maji yaliyosafishwa kabisa. Anayeishi Pwani anaweza kuchota maji ya bahari yenyewe, lakini achote wakati maji yanapojaa, mbali na mito na mabomba ya maji taka, wala si wakati wa mvua za masika. Maji ya Tudor au Makupa, yanayopokea uchafu wa jiji, si ya kumtilia samaki.

Jambo moja huwachanganya wengi. Maji yakipungua kwenye tangi kwa kukauka, chumvi haikauki pamoja nayo. Kwa hivyo kilichopungua hujazwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Ukijaza kwa maji ya chumvi kila siku, baada ya mwezi samaki watakuwa kwenye achari. Nunua haidromita, kifaa cha bei nafuu, na uhakikishe kipimo kiko kati ya 1.023 na 1.026.

Sumu isiyoonekana

Maji yanaweza kuwa maangavu kama ya chemchemi na bado yakawa na sumu. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia. Katika maji ya bahari, ambayo kiwango chake cha pH huwa 8.1 hadi 8.4, amonia huwa kali zaidi kuliko ilivyo katika maji baridi.

Mwenyezi Mungu amejalia bakteria wanaoibadilisha amonia kuwa nitraiti, na wengine wanaoibadilisha nitraiti kuwa nitreti, ambayo haina makali sana. Bakteria hao huishi juu ya mawe, mchangani na ndani ya kichujio. Huchukua majuma 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha. Hii ndiyo maana mtu anayenunua tangi Jumamosi na samaki Jumapili hupata maiti kufikia Ijumaa. Anza na mawe na maji, pima kila juma, na ununue samaki wa kwanza amonia na nitraiti zikiwa sufuri. Kisha ongeza mmoja mmoja. Kila majuma mawili badilisha sehemu moja kati ya kumi ya maji, au hata mbili.

Kumbuka pia kwamba bakteria hao nao hupumua. Maji yasiyosogea huwaua wao na samaki kwa pamoja.

Siku unapomleta samaki nyumbani, ueleze mfuko juu ya maji ya tangi kwa dakika 20 ili joto lilingane. Ufungue, ongeza kikombe cha maji ya tangi mara kadhaa, kisha mhamishe samaki kwa wavu. Usikawie sana baada ya kuufungua, kwani hewa chafu ikishatoka, amonia iliyokusanyika humo huwa kali ghafla. Na maji ya mfuko usiyamimine katika tangi.

Stima zikipotea

Usiku wa Agosti 25, 2023, giza lilitanda karibu nchi nzima na sehemu nyingi zikakaa saa nyingi bila ya umeme. Kwa wengi wetu hasara ilikuwa maziwa kuganda na simu kuzima. Kwa mwenye tangi la bahari, kila saa ilikuwa ya kuhesabu.

Nunua pampu ndogo ya betri na uiweke karibu. Kama huna, chukua jagi safi, chota maji ya tangi na uyamimine kutoka juu, kama mama anayepoza chai kwa vikombe viwili. Fanya hivyo kwa dakika chache, pumzika, rudia. Watoto wanaweza kupokezana zamu. Usiwalishe samaki hadi umeme urudi. Kichujio kilichofungwa kikikaa saa nyingi bila ya maji kupita, kisafishe kwanza kabla ya kukiwasha, kwani kilichomo kitakuwa kimeoza.

Deni la mwamba

Huenda msomaji akauliza, kwani samaki mmoja ni nini? Bahari si imejaa?

Bahari haikujaa kama tunavyodhani. Mwaka wa 1998, joto lililoletwa na El Nino liliyapausha matumbawe ya pwani yetu, na sehemu kubwa ikafa. Mahali pengine mwamba umechukua miaka mingi kujirudi, na joto limerudi tena na tena tangu hapo. Karibu samaki wote wa rangi wanaouzwa kwa matangi ya bahari hutolewa mwambani wakiwa hai, tofauti na wengi wa maji baridi ambao hufugwa. Kila mmoja anayekufa sebuleni kwa kukosa pumzi huacha nafasi ambayo itajazwa na mwingine kutoka mwamba ule ule.

Wapo wanaozalishwa nyumbani, hasa yule samaki wa mistari aliyepata umaarufu kwa filamu ya Finding Nemo ya mwaka wa 2003. Anayeanza ni bora aanze na hao. Wengine, kama vitatange wengi wanaokula matumbawe hai pekee, ni bora waachwe walipo, kwani hakuna pesa itakayowafanya wale chakula cha dukani.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Anayetaka tangi la bahari na alitake pamoja na ndoo zake, vipimo vyake na usiku wake wa jagi. Na asiyeweza, hajanyimwa kitu. Avizie likizo na siku za bamvua, awachukue watoto, awavishe viatu visivyoteleza, wawatazame samaki wangwani bila ya kuwagusa wala kuyakanyaga matumbawe. Maji yakianza kujaa na vidimbwi kuungana tena na bahari, wataona jinsi kangaja na vitatange wanavyogeuka wote kwa pamoja, wakaelekea yanakotoka mawimbi.